Mnunuzi Naye Apate Mtu Wake

Mfanyakazi hununua vitu vingi katika maisha yake. Hununua unga, hununua nguo za watoto, hununua baiskeli au pikipiki, na akidanganywa katika vitu hivyo hasara yake huisha baada ya mwezi au baada ya mwaka. Lakini nyumba wengi wetu huinunua mara moja tu. Anayedanganywa katika nyumba amenyang'anywa jasho la miaka ishirini, na pengine hapati tena nguvu wala siku za kuanza upya. Kwa sababu hiyo leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo wengi hulifanya kwa kupapasa gizani, yaani kununua nyumba, na hasa juu ya yule mtu asimamaye katikati ya muuzaji na mnunuzi, ambaye sote twamwita dalali.

Swali letu ni moja, nalo ni fupi. Dalali ni mtu wa nani?

Tumchukue mtu mmoja wa Katumba, katika Halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Hatuna haja ya kumpa jina, kwa kuwa yeye si mmoja bali ni wengi, na kila msomaji wa Mpanda atamtambua miongoni mwa jirani zake. Wazazi wake walivuka mpaka mwaka 1972, walipoyakimbia mauaji ya Burundi. Yeye mwenyewe alizaliwa Katumba, akasoma Katumba, kisha akaenda mjini Mpanda kutafuta kazi. Alipakia magunia, akalinda ghala, akaendesha mashine ya kukoboa mahindi, na katika miaka kumi na minane akafanikiwa kuweka akiba ya shilingi milioni nane na nusu. Sasa alitaka kurudi kwao. Alitaka nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa bati, yenye kisima, na shamba la mahindi na maharage nyuma yake, ili azeeke mahali ambapo wazazi wake wamezikwa.

Dalali hakukawia kupatikana. Alikuja kijana mchangamfu, mwenye simu mbili na maneno matamu.

"Mzee wangu, hapa umefika," akamwambia. "Mwenye nyumba anahamia kwa watoto wake, hana maneno mengi. Ni milioni nane tu. Lakini nisikufiche, yuko mteja mwingine anayekuja kesho asubuhi."

Mzee akauliza kama nyumba haina matata. Kijana akacheka.

"Mzee, mimi si mwanao? Naweza kukupoteza mzazi wangu?"

Basi mzee akalipa. Mkataba ukaandikwa katika karatasi ya daftari, mwenyekiti wa kitongoji akagonga muhuri, na dalali akapokea laki tatu za ahsante. Mwezi wa pili mke wa muuzaji akarejea kutoka alikokwenda kumwuguza mama yake, akakuta godoro la mtu mwingine chumbani mwake. Hakuwa ameulizwa, hakuwa ametia sahihi, wala hakuwa ameona hata senti moja. Mume alikwisha kwenda zake na fedha. Tena katika mabishano hayo ikajulikana kwamba muuzaji alitaka milioni sita, wala si nane. Milioni mbili zilikwenda mfukoni mwa dalali, ndicho kile kiitwacho "cha juu", na zaidi ya hizo alikwisha kupokea ujira kwa muuzaji na ujira kwa mnunuzi. Sasa pana watu wawili wanyonge, mzee na mama yule, wanaoshtakiana juu ya nyumba moja, na kila mmoja ana haki ya kulia.

Huenda msomaji akasema kwamba dalali yule ni mwizi, na hapo maneno yakaisha. Sisi hatuoni hivyo. Mwizi mmoja akifungwa, kesho atazaliwa mwingine, ikiwa mlango alioingilia umeachwa wazi. Wako madalali wengi waaminifu, wanaotembea juani kutwa nzima, wanaojua nyumba zilizo tupu na watu wanaozitafuta, na kazi yao ni kazi ya halali. Lakini hata aliye mwaminifu amewekwa mahali pabaya. Hulipwa ikiwa mauzo yamefanyika, na halipwi yasipofanyika. Bei ikipanda, fungu lake hupanda. Je, mtu kama huyo atamwambia mnunuzi, "Mzee, nyumba hii iache"? Akisema hivyo amejinyima chakula cha watoto wake. Kumwuliza dalali wa muuzaji kama nyumba ni njema ni sawa na kumwuliza mchuuzi wa samaki kama samaki wake wameoza.

Ndiyo maana twasema kwamba muuzaji ana mtu wake, na mnunuzi naye apate mtu wake. Awe mtu aliyemtafuta mwenyewe, aliyemtuma mwenyewe, anayemlipa mwenyewe, na ambaye hapokei kutoka kwa muuzaji hata nauli ya pikipiki.

Jambo hili lina uzito kila mahali, lakini Katumba lina uzito zaidi, na yafaa tueleze sababu. Ardhi ya Katumba haikuanza kama ardhi ya vijiji vingine. Pamoja na Ulyankulu mkoani Tabora na Mishamo, yalikuwa makazi yaliyotengwa na Serikali kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Watu wakapewa maeneo, wakafyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakajenga, wakazaa. Mwaka 2007 Serikali iliwapa nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania, na walio wengi wakachagua uraia. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo matatu yalikuwa yamekubaliwa. Lakini uraia ule ulifungamanishwa na sharti la kuhama kwenda mikoa mingine, na vyeti havikuanza kugawiwa mpaka mwaka 2014, sharti hilo lilipoachwa.

Msomaji afikiri maana ya miaka ile. Nani angejenga nyumba ya kudumu huku akiambiwa ajiandae kuhama? Nani angejali kuandikisha mpaka wa shamba ambalo huenda kesho si lake? Wengine waliuza kwa haraka wapate nauli, wengine waliwaachia ndugu, wengine walikopeshana maeneo kwa maneno matupu mbele ya mashahidi ambao baadhi yao leo ni marehemu. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na historia ya wenyewe watatu, na kila mmoja akaamini kwa moyo safi kwamba ni yake. Mnunuzi anayefika na fedha mkononi, akaonyeshwa bati linalong'aa, hawezi kuiona historia hiyo. Ipo midomoni mwa jirani na katika mafaili ya ofisi, wala haijaandikwa ukutani.

Tena sheria za nchi zina mambo ambayo dalali wa kitongoji hana sababu ya kuyataja. Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kwamba imegawanyika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Anachokiuza mtu ni haki yake ya kuitumia ardhi pamoja na vile alivyoviendeleza juu yake. Basi la kwanza ni kujua kipande kile kimo katika fungu gani. Katika mkoa wenye misitu na mapori kama Katavi, ambako Hifadhi ya Taifa yenyewe ilitangazwa tangu mwaka 1974, si haba watu waliokwisha kuuziwa pori la hifadhi wakidhani wamenunua shamba.

Ikiwa ni ardhi ya kijiji, kumhamishia mtu haki ya kimila kwahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji, hata ukigongwa mara tatu, hautoshi. Ikiwa ni kiwanja kilichopimwa chenye hati, kuna upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambao huonyesha jina la mwenye hati na kama nyumba imewekwa rehani kwa mkopo. Mkataba wa kuuza haki ya ardhi lazima uwe wa maandishi. Na nyumba ya mke na mume haiuzwi na mmoja wao peke yake, maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu chake cha 59, yakataza mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria hii ilikuwapo kabla mzee wetu hajazaliwa. Kama angekuwapo mtu mmoja tu wa upande wake wa kuuliza, "Mama mwenye nyumba yuko wapi?" yote haya yasingetokea.

Wasidhani wasomaji kwamba udanganyifu huu ni wa nchi maskini peke yake. Marekani, nchi yenye maofisa wengi wa nyumba na vitabu vingi vya sheria, mambo yalikuwa vivyo hivyo kwa miaka mingi. Yule wakala aliyempakia mnunuzi katika gari lake na kumtembeza nyumba hata nyumba, akimwita rafiki, kwa kawaida alikuwa kisheria ni mtumishi wa muuzaji. Mwaka 1983 Tume ya Biashara ya Serikali yao ilitoa taarifa ya uchunguzi wake, na ikaonekana kwamba walio wengi miongoni mwa wanunuzi waliamini wakala yule anawatetea wao. Walikuwa wakimwambia siri zao, hata kiasi cha juu kabisa wanachoweza kulipa, nao hawakujua kwamba wanamnong'onezea mtu wa upande wa pili.

Baada ya hapo walianza kutokea mawakala wanaowatumikia wanunuzi tu, wasiopokea kazi ya muuzaji hata mmoja, na mwaka 1995 wakaunda chama chao. Lakini swali la nani alipe liliendelea kuwasumbua, kwa sababu kwa desturi ya huko ujira wa mawakala wote wawili ulitoka katika fedha za mauzo, na muuzaji ndiye aliyetangaza fungu la wakala wa mnunuzi. Mwezi Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Missouri liliamua kwamba chama kikuu cha mawakala wa nyumba pamoja na makampuni makubwa walikula njama kuuweka ujira huo juu. Mwezi Machi 2024 chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418 ili kuyamaliza mashauri, na tangu tarehe 17 Agosti 2024 wakala wa chama hicho anayemhudumia mnunuzi hana ruhusa ya kumwonyesha nyumba kabla hawajaandikiana mkataba unaotaja kazi na ujira. Ikiwa watu wenye utajiri ule waliona haja ya kuandikiana kwanza, je, sisi wenye milioni nane za maisha yetu yote tutatosheka na "mimi si mwanao"?

Sasa tuseme mambo ya kufanya. Huyo mtu wa mnunuzi ni nani? Mwenye uwezo aweza kumwendea wakili. Anayenunua nyumba ya bei kubwa aweza kumtafuta pia mthamini aliyesajiliwa, maana tangu mwaka 2016 kazi ya uthamini ina sheria yake na bodi yake ya usajili. Lakini mfanyakazi wa kipato kidogo asikate tamaa. Aweza kumteua mtu mwadilifu anayejua taratibu za ardhi: karani aliyestaafu, mwalimu, au mzee wa mahali anayeheshimiwa. Aweza hata kumteua dalali, mradi dalali huyo akubali kwa maandishi kwamba katika nyumba hii ni mtu wa mnunuzi peke yake.

Maandishi hayo si mapambo. Sheria yetu ya Mikataba yamtaka wakala kumweleza aliyemtuma mambo yote ya maana katika kazi ile, na akijinufaisha kwa siri, aliyemtuma ana haki ya kumdai faida aliyojipatia. Hapo ndipo fundo la jambo letu lilipo. Mzee wetu alipolia juu ya zile milioni mbili, aliulizwa, "Dalali ulimtuma wewe?" naye hakuwa na la kujibu, kwa sababu hapakuwa na karatasi iliyosema hivyo. Angekuwa na karatasi, cha juu kingekuwa deni linalodaiwa mbele ya sheria. Bila karatasi, ni masikitiko tu.

Karatasi hiyo iseme mambo matano. Kwanza, itaje nani amemtuma nani, na kwa nyumba ya namna gani. Pili, iseme kwamba aliyetumwa hatapokea chochote kwa muuzaji wala kwa dalali wa muuzaji. Tatu, ujira uwe kiasi kilichotajwa, wala usiwe fungu la bei, maana anayelipwa kwa fungu la bei, hata akiwa mtu wako, hufurahi bei ikipanda. Nne, ujira huo ulipwe hata kama ushauri wake utakuwa ni kuiacha nyumba, kwa kuwa neno "usinunue" ndilo neno la thamani kuliko yote atakayoyasema. Tano, fedha za nyumba zisipite mikononi mwake. Zitoke kwa mnunuzi, ziende kwa muuzaji, mbele ya mashahidi au kwa njia ya benki, ili iachwe alama.

Na kazi yake ni ipi? Auzunguke mpaka wote kwa miguu na kuzungumza na jirani wa pande nne, tena wakati muuzaji hayupo. Aende ofisi ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri kuuliza habari za eneo lile. Aonane na mke au mume wa muuzaji ana kwa ana, wala asikubali kuambiwa kwa simu kwamba "mama hana neno". Kama mwenye mali amefariki, adai kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Auzwe nini jirani mwaka uliopita, na kwa bei gani, ayajue hayo. Na atazame kisima wakati wa kiangazi, si wakati wa masika peke yake.

Wako watakaosema, "Hiyo ni gharama juu ya gharama, na sisi fedha yenyewe hatuna." Twawaelewa. Lakini wafanye hesabu pamoja nasi. Tuseme mtu huyo analipwa laki mbili kwa kazi ya wiki mbili. Mzee wetu alilipa laki tatu kwa dalali aliyemficha ukweli, na milioni mbili za cha juu bila kujua, na sasa nyumba yenyewe iko mashakani. Aliyeona laki mbili ni nyingi ameishia kupoteza mara kumi na zaidi. Tena akienda kudai, njia ni ndefu: mabaraza ya kata tangu mwaka 2021 yamebakishiwa kazi ya kusuluhisha tu, na suluhu ikishindikana shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha rufani Mahakama Kuu. Nauli, mashahidi, siku za kazi zilizopotea, vyote hivyo hulipwa na yeye yule aliyekwisha kuibiwa.

Na wasioweza laki mbili kila mmoja, je, hawawezi kwa pamoja? Sisi twaamini wanaweza. Vyama vya wafanyakazi na vyama vya kuweka na kukopa huwapa wanachama mikopo ya nyumba, kisha humwacha mwanachama aende peke yake sokoni na fedha za mkopo mfukoni, kama mtoto aliyetumwa dukani na noti kubwa. Kwa nini chama kisiwe na mtu mmoja anayejua mambo ya ardhi, anayelipwa na wanachama wote, ambaye kazi yake ni kumkagulia kila mkopaji nyumba anayotaka kununua? Chama chenyewe kingejilinda, maana mkopo uliotumika kununua kesi haurudi. Wakulima wa Katumba wamezoea kuuza tumbaku yao kwa njia ya vyama vya msingi kwa sababu mmoja mmoja wasingeweza kusimama mbele ya mnunuzi mkubwa. Ambaye amejifunza kuuza kwa umoja hashindwi kujifunza kununua kwa umoja.

Twamaliza kwa kumkumbuka tena yule mama aliyekuta godoro la mgeni chumbani mwake. Mara nyingi maneno ya nyumba husemwa kana kwamba yako pande mbili tu, anayeuza na anayenunua. Mama yule hakuuza wala hakununua, lakini ndiye aliyelima shamba lile tangu alipoolewa. Mnunuzi anayepeleka mtu wake kuuliza na kuhakikisha hajilindi yeye peke yake. Humlinda pia mke aliyeko safarini, yatima ambaye hajafikia umri wa kudai, na jirani ambaye mpaka wake umesogezwa usiku.

Basi ndugu mfanyakazi, siku utakapoambiwa, "Mzee wangu, hapa umefika, yuko mteja mwingine kesho," mjibu kwa upole kwamba huyo mteja wa kesho na akaribie, nawe utakuja keshokutwa pamoja na mtu wako. Akikasirika, umekwisha kujua alikuwa mtu wa nani.